Kukata

Sisi wawili, kazi yetu kukata:
yeye kesi, mimi kitambaa.
Nilimjua kabla hajawa Mheshimiwa Jaji,
hakimu mpya wa Winam, Dorsila Abuya,
amesimama mbele ya cherehani yangu, Kibuye,
Jumapili ya mvua, matope hadi kifundoni.
Fundi Amugune, joho unaliweza?
Sikuwa nimewahi. Nikasema naliweza.

Mwezi wa nane mwaka huo alimfunga mdogo wangu.
Miezi tisa, kwa mabati ya kanisa.
Na mabati yalikuwa kwake kweli, nyuma ya choo,
niliyaona kwa macho yangu.
Wiki iliyofuata akaleta joho, kwapa limefumuka.
Nikalishona.
Sikupandisha bei. Sikupunguza.
Tulinyamaza wote wawili, cherehani ikasema.

Kisha wakamwita mbali,
huko ambako jua likituzamia upande wa Asembo
kwao kumekucha.
Visiwa, akaniambia, lakini nchi kamili:
bendera, stempu, waziri wa fedha mwenye duka la biskuti,
na watu wake wote ukiwakusanya
hawaujazi uwanja wa Moi.
Kila aliyesomea sheria pale
ni shemeji wa mshtakiwa.
Mwamba ngoma huvutia kwake;
ndiyo maana walitafuta mtu
asiye na ngoma.

Miaka kumi na tisa, akienda, akirudi.
Safari zake nilizisoma kwenye pindo.
Chumvi, mstari mweupe kama wa chaki.
Doa la tui.
Mara moja kola imeliwa na panya,
maana mahakama ya kisiwa kimoja
ni ghala la mbata siku zisizo na kesi.
Alikula peke yake kule, akanieleza,
kwa kuwa mpishi wa nyumba ya wageni
ni mama wa mshtakiwa namba mbili.
Alibeba omena kutoka hapa hapa, ndani ya gazeti.
Watu wa forodha wakauliza, hiki nini?
Akasema: vielelezo.
Alicheka hadi chai ikamwagikia futi yangu ya kupimia.

Kesi moja haikumchekesha.
Ndugu wawili, shamba la baba, mpaka ni mnazi.
Alipokwenda kujionea, mnazi uko majini,
na shamba, na kaburi la huyo baba.
Wakili wa mkubwa akanyoosha kidole baharini.
Wakili wa mdogo akanyoosha kidole pale pale.
Nimkatie nani nini, Fundi?
Nikamwambia habari za Ahero,
mto unavyohamisha vigingi usiku.
Akasema, mto wenu hukuachia hata tope.
Alivyoamua sikumuuliza.
Ila pindo la safari ile lilikuja na mchanga,
kijiko kizima. Sikuutupa.
Umo ndani ya kopo la vifungo.

Juzi amekuja na mkongojo, miaka sabini na minne,
joho limo katika mkoba wa shule wa mjukuu.
Wamenipumzisha, akasema. Kata.
Nataka foronya mbili.

Nikalitandika mezani. Chaki. Mkasi.
Kwapa la kushoto lina uzi wangu wa mwaka ule,
kahawia, si mweusi. Mkono wangu ndio uliochagua
siku ile, au hasira, sijui.
Hakuwahi kutaja.
Alilivaa hivyo mbele ya mawaziri, mbele ya wauaji,
mbele ya ndugu wawili na bahari yao.

Nikasema mia nne.
Akasema mia mbili.
Nikasema Mheshimiwa, kitambaa hiki kizito.
Nakata rufaa, akasema, akavuta kiti,
na mvua ikaanza kupiga mabati.